Taa za Unguja: Zilijengwa kwa Nani, Zinamwongoza Nani?

Misiba miwili mikubwa ya baharini ambayo Zanzibar imeipata katika miaka ya karibuni ilitokea jirani na minara ya taa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Tume iliyochunguza ajali ile ilihitimisha kuwa watu zaidi ya 1,500 walikufa au kupotea. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, mchana kweupe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo. Ras Nungwi ina taa tangu mwaka 1886, na Chumbe ina mnara tangu 1904.

Hakuna hata mmoja kati ya misiba hiyo uliosababishwa na giza. Spice Islander ilibeba abiria zaidi ya 2,000, ilhali iliruhusiwa kuchukua kiasi cha 600 tu. Skagit ilikuwa feri iliyoundwa kwa ajili ya maji tulivu ya jimbo la Washington, Marekani, ikaletwa kufanya kazi katika bahari yenye kusi. Mnara haupimi mzigo wala haukagui meli, na hauna uwezo wa kumzuia nahodha asing'oe nanga siku ya upepo mkali. Nimeanza na misiba hii makusudi, kwa sababu ukitaka kujua kazi ya mnara wa taa, lazima kwanza uitenge na kazi ambazo si zake. Kazi yake ni ndogo na haina mbadala mwepesi: kumwambia mtu aliye baharini kwamba nchi kavu iko pale, na mwamba uko hapa.

Siku hizi minara hii inazungumzwa kwa namna mbili. Wapo wanaoiona kama urithi, kitu cha kupigwa rangi nyeupe na kuoneshwa watalii. Wapo wanaosema kazi yake imekwisha tangu meli zilipofungwa mitambo ya GPS, na kwamba fedha ya kuitunza ingefaa kwenda kwingine. Pande zote mbili zinaitazama kutoka nchi kavu. Ukiitazama kutoka majini, hasa kutoka ndani ya chombo kidogo, unafikia hukumu nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea: taa za Unguja zilijengwa kwa ajili ya meli za wageni, lakini leo wanaozihitaji zaidi ni watu wetu wenyewe, na bado tunazipanga na kuzitunza kana kwamba mteja wake ni yule yule wa zamani.

Turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi majahazi yaliingia Unguja bila taa yoyote ya serikali. Manahodha walikuja na kaskazi na kurudi na kusi, walisoma nyota usiku na rangi ya maji mchana, na walipokaribia nchi walitafuta alama: mnazi mrefu, mnara wa msikiti, kilima. Ukiziweka alama mbili kwenye mstari mmoja unajua uko wapi. Wavuvi wetu wanatumia maarifa hayo hadi leo kurudi kwenye mwamba ule ule wenye samaki, na hayo ndiyo maarifa yanayotumika bandarini kwa zile taa mbili zinazopangwa moja nyuma ya nyingine ili meli ifuate mstari wake.

Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe, ni pahali pazuri pa kuelewa hali ya enzi zile. Seyyid Said alijenga kasri lake hapo, na binti yake Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, ameacha maelezo ya baraza la mbao lililotazama bahari, ambako baba yake alipenda kukaa. Mto ulioupa mtaa jina ulimwaga maji matamu pwani, na meli za Ulaya na Marekani zilikuja kujaza mapipa yao. Meli hizo zilitia nanga mchana. Aliyechelewa akakutwa na usiku alingoja nje hadi kupambazuke, kwa sababu mbele ya bandari kuna Chapwani, Changuu na Bawe, na kati ya visiwa hivyo kuna mafungu na miamba ambayo maji yakijaa huioni kabisa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa wakati wa bamvua hufika kiasi cha mita nne. Chombo kinachopita salama saa sita kinaweza kukwama pale pale saa kumi na mbili.

Mvuke ndio uliobadilisha mambo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kuunganisha Zanzibar na Aden kwa ratiba. Meli yenye ratiba haingoji kupambazuke. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alilielewa hilo vizuri. Alipojenga kasri la Beit al-Ajaib mwaka 1883, mbele yake ulisimama mnara wenye saa na taa, ambao mabaharia wa Kiingereza waliubandika jina la mti wa Krismasi wa Sultani kwa safu za taa zake. Mnara huo haukudumu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga mizinga ikulu kwa muda usiofika saa nzima, na mnara ukaharibika kiasi cha kubomolewa. Siku hiyo hiyo meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Basi kwa asubuhi moja bandari ilipoteza taa yake na kupata kizuizi kipya. Mnara wa saa uliojengwa baadaye kwenye uso wa Beit al-Ajaib ulianguka pamoja na sehemu ya jengo tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakapoteza maisha.

Waingereza, baada ya kuitwaa Zanzibar kuwa nchi ya himaya mwaka 1890, walizipanga taa kwa hesabu ya meli kubwa. Ras Nungwi ilikuwa imeshawashwa. Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ikapata mnara wa chuma mwaka 1900. Chumbe, kilomita 12 hivi kusini ya mji, ikapata wake mwaka 1904, pamoja na nyumba ya mlinzi na msikiti mdogo. Ukizitazama kwenye ramani utaona fikra iliyo nyuma yake: meli inayotoka Aden au Mombasa huonana na Kigomasha, kisha Nungwi, ikashuka hadi bandarini; inayotoka Dar es Salaam au kusini zaidi huonana na Chumbe. Ni njia ya barua, karafuu na pembe za ndovu. Mvuvi wa Tumbatu hakuwemo katika hesabu hiyo, ingawa mwanga ulimfikia naye.

Ulimfikia, kwa sababu ndivyo mwanga ulivyo. Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana ina mambo mengi mazuri ambayo hatuwafundishi watoto wetu hata katika shule za pwani.

La kwanza ni urefu. Bahari imepinda pamoja na dunia, na mwanga hauvuki mpindo. Taa iliyoinuliwa mita 30 juu ya usawa wa maji humfikia ofisa aliyesimama kwenye chumba cha uongozi, mita 15 juu ya maji, kutoka umbali wa maili 19 hivi za baharini. Mvuvi aliyekaa ndani ya ngalawa, macho yake mita moja tu juu ya maji, huiona taa ile ile kuanzia maili 13 na nusu. Yule wa meli anaweza kupunguziwa mnara na asidhurike sana. Ana rada na ana kimo chake mwenyewe. Wa ngalawa kila mita inayopungua inamgusa.

La pili ni namna mwanga unavyokusanywa. Taa ya kawaida hutawanya mwanga wake pande zote, na sehemu kubwa hupotelea angani au chini ya mnara. Mfaransa Augustin Fresnel alipata dawa yake: pete za kioo zilizokatwa kwa pembe maalumu, kila pete ikipinda mwanga kidogo, hadi wote utoke kama bapa moja lililolala juu ya maji. Lenzi yake iliwashwa mara ya kwanza katika mnara wa Cordouan mwaka 1823, na kanuni hiyo bado ipo ndani ya taa za LED za leo, ila kwa plastiki badala ya kioo.

La tatu ni mwendo wa kuwaka na kuzima. Kila taa ina mpigo wake. Moja humweka mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, nyingine mara mbili mfululizo halafu ikapumzika, na mpigo huo umeandikwa kwenye ramani na kwenye orodha za taa. Nahodha anayeona mwanga huhesabu kwanza, ndipo aseme ile ni Chumbe au si Chumbe. Anayeona mwanga akaufuata bila kuhesabu anajitafutia mwamba.

Chumbe yenyewe ina sehemu katika historia ya mtambo ulioleta mapinduzi kwenye minara. Mwaka 1926 taa yake iligeuzwa kutumia gesi ya asetilini kwa mfumo wa kampuni ya AGA ya Sweden. Mfumo huo ulikuwa kazi ya Gustaf Dalén, mhandisi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912 kwa kifaa ambacho ukikieleza kinasikika rahisi mno. Ndani ya bomba la kioo kuna vijiti vya chuma. Kimoja cha katikati ni cheusi, vingine vinang'aa. Jua likichomoza, cheusi hunyonya joto zaidi ya wenzake, kikarefuka kwa kadiri isiyoonekana kwa macho, kikaisukuma vali na kuikata gesi. Jua likizama, kinapoa, kinafupika, na gesi inapita tena. Hakuna saa wala umeme, na hapahitajiki mtu wa kupanda ngazi kila magharibi. Kifaa kingine kilikata gesi vipande vipande ili taa ipige kwa mpigo wake na gesi isiishe haraka. Dalén alipofuka mwaka huo huo wa 1912 katika mlipuko wa asetilini, na aliendelea kuiongoza kampuni yake hadi alipofariki mwaka 1937. Mtu aliyewawashia taa mabaharia wa dunia nzima aliishi robo karne gizani.

Kifaa chake kilianza kuondoa ulazima wa mlinzi wa mnara, na umeme ukamaliza. Uingereza mnara wa mwisho wenye watu uliachwa ujiendeshe mwaka 1998. Leo taa ya LED yenye betri na paneli ya jua hutoa mwanga wa maili nyingi kwa umeme mdogo kuliko wa pasi ya kunyoshea nguo. Adui zake wakubwa hapa kwetu ni chumvi inayokula nyaya, na mikono ya watu, kwa sababu paneli na betri iliyo pahali pasipo na mlinzi ina soko. Tulipowaondoa walinzi tuliokoa mshahara, lakini pia tuliondoa macho.

Sasa tuje kwenye hoja ya GPS, ambayo ni nzito na haistahili kujibiwa kwa hisia. Ni kweli kwamba meli inayoingia bandari ya Malindi hapa Unguja leo haiitafuti taa ya Chumbe ili ijue ilipo. Ina ramani ya kielektroniki, ina rada, ina mfumo wa AIS unaotangaza jina na mwendo wake, na ikikaribia bandari inapandwa na rubani. Ukimuuliza ofisa wake kijana mara ya mwisho lini alipima pembe ya mnara kwa dira, huenda akakumbuka chuoni.

Lakini mitambo hiyo yote hutegemea ishara dhaifu mno inayotoka kwenye satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu, na ishara hiyo huzimwa au kughushiwa kwa urahisi. Juni 2017, katika Bahari Nyeusi, meli kadhaa zilijiona kwenye mitambo yao kuwa ziko uwanja wa ndege. Mwaka 2016 Korea Kusini ililalamika kwamba mawimbi kutoka Kaskazini yalivuruga mamia ya vyombo, na boti za uvuvi zikalazimika kurudi pwani. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilipanda mwamba karibu na Jeddah, na wachambuzi wakahusisha tukio hilo na uvurugaji wa GPS katika Bahari ya Shamu. Huko ni jirani. Meli zinazopita Bab el-Mandeb kuja kwetu zinapita katika maji hayo. Mnara wa mawe hauwezi kughushiwa kutoka mbali. Ofisa anayeona kwenye kioo kwamba Chumbe iko kulia kwake, akainua macho akaiona kushoto, anajua papo hapo kwamba kioo kinasema uongo.

Na hata mitambo ikiwa mizima, binadamu ni yule yule. MV Wakashio ilipanda miamba ya Mauritius tarehe 25 Julai 2020 ikiwa na kila kifaa kinachotakiwa; uchunguzi ulieleza kuwa ilisogea pwani ili watu wake wapate mawasiliano ya simu. Takriban tani 1,000 za mafuta zikamwagika kwenye matumbawe na mikoko. Kwa Unguja hicho si kisa cha mbali. Bohari za mafuta ziko Mtoni, na meli zinazoleta mafuta hupita katika mlango ule ule wenye visiwa na mafungu. Chumbe, kwa upande wake, imezungukwa na matumbawe ambayo ni miongoni mwa yaliyo bora kabisa katika ukanda huu. Yamesalia kwa sehemu kwa sababu ya njia ya meli yenyewe: wavuvi hawakuruhusiwa kuvua upande wa magharibi wa kisiwa, wasije wakaziba njia ya kwenda na kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1994 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Wavuvi wa zamani wakafunzwa kuwa walinzi wake, na nyumba iliyobomoka ya mlinzi wa taa ikajengwa upya kuwa kituo cha wageni. Mnara wenye ngazi zaidi ya 130 sasa unalinda vitu viwili kwa mwanga mmoja, meli dhidi ya mwamba na mwamba dhidi ya meli.

Hata hivyo, hoja ya nguvu zaidi ya kuzitunza taa hizi haiko kwenye meli kubwa hata kidogo. Simama pwani ya Mtoni usiku usio na mwezi. Kushoto kwako kuna taa za bandari ya Malindi, nyeupe kali, zilizoning'inia juu ya makontena. Mbele, kuanzia usawa wa Changuu kuelekea kaskazini, bahari imejaa taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa zenye mwanga wa njano uliotikisika. Sasa nyingi ni za LED, na weupe wake unachoma macho. Wavuvi hao hutoka giza likiwa zito kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na samaki wanaowapata hukaushwa pwani ya Kama na kwingineko, wengine wakasafirishwa mpaka Kongo. Katikati ya taa hizo inapita taa nyekundu au ya kijani ya chombo kinachosafiri, na inakubidi ukaze macho kuitenga. Halafu kuna wale usiowaona kabisa: ngalawa na mitumbwi isiyo na taa yoyote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinakiruhusu chombo cha tanga kilicho chini ya mita saba, kisipoweza kuwasha taa za kawaida, kiwe na tochi tu ya kumulika kwa wakati. Boti ya mwendo wa noti 30 humaliza maili moja kwa dakika mbili. Aliye kwenye ngalawa ana dakika mbili za kuishtukia, kuipapasa tochi na kumulika upande unaotakiwa.

Watu hawa wengi hawana ramani ya kielektroniki. Baadhi wana simu yenye GPS, na simu ikilowa au ikiisha chaji wanarudi kwenye macho yao. Injini ikizima katika mkondo wa Nungwi, chombo huchukuliwa kaskazini na maji bila mtu kuhisi, kwa sababu mkondo haupigi kelele. Taa ya Nungwi ndiyo inayowaambia kwamba wanahama. Ikianza kusogea nyuma ya tezi, au ikizama upeoni, wanajua wanapelekwa wapi na kwa kasi gani, na wanajua ni wakati wa kuomba msaada kabla hawajatoka nje ya uwezo wa boti za uokozi za kikosi cha KMKM. Kwa mtu huyo taa si kumbukumbu ya ukoloni. Ndiyo chombo chake pekee cha vipimo.

Na hapo ndipo tunapomwangusha. Pwani ya Nungwi imejaa hoteli. Mtaa wa Mnarani, uliopewa jina kwa sababu ya mnara wenyewe, una taa za baa, za mabwawa ya kuogelea na za kuta zinazomulikwa usiku kucha. Kwa mtu wa nchi kavu huo ni uzuri. Kwa mtu wa majini ni ukuta wa mwanga ambao ndani yake taa ya mnara inapaswa kutafutwa. Wataalamu wa taa za baharini wanaijua shida hii duniani kote, na dawa zake ni za kawaida: kuongeza nguvu ya taa, kubadilisha mpigo wake uwe wa haraka na usiofanana na taa za mjini, na kuzilazimisha taa za pwani zielekezwe chini badala ya baharini. Hii ya mwisho haigharimu serikali karibu chochote. Inahitaji tu sharti liandikwe kwenye kibali cha ujenzi. Kasa nao wangenufaika, wale wale ambao Mnarani wana bwawa lao la hifadhi tangu 1993, kwa sababu vifaranga vyao vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, na taa za hoteli huwarudisha nchi kavu kufa.

Lakini nani alipe? Wanauchumi wamelitumia swali hili kwa muda mrefu. Walizoea kuutaja mnara wa taa kama mfano wa huduma ambayo hakuna mfanyabiashara angeitoa, kwa sababu huwezi kumzuia asiyelipa asiitazame. Mwaka 1974 Ronald Coase aliandika makala akionesha kwamba Uingereza ada za taa zilikuwa zikikusanywa bandarini kwa karne nyingi, na baadhi ya minara iliendeshwa na watu binafsi. Hoja yake ni ya kweli kwa meli inayofunga gatini, kwani haiondoki bila kulipa. Kwa bahari yetu inaacha pengo kubwa. Meli ya makontena inayolipa ada haihitaji sana taa. Ngalawa inayohitaji taa hailipi chochote, wala haifai kulipishwa. Ukiacha mlipaji ndiye aamue, taratibu fedha itahamia kwenye vitu anavyovitaka yeye: maboya ya lango la bandari, gati, mitambo ya AIS. Taa ya Kigomasha itakuwa ya mwisho kwenye orodha. Wala sidhani watalii ni jibu. Kiingilio cha mgeni anayepanda mnara kinaweza kupaka rangi kuta na kukarabati ngazi, na Chumbe imeonesha heshima inavyoweza kuendana na biashara, lakini mgeni hupanda mchana. Hana haja ya kujua kama taa iliwaka usiku.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika sura yake ya tano unazitaka serikali ziweke misaada ya kuongozea vyombo kwa kadiri ya wingi wa safari na ukubwa wa hatari. Sisi tumezoea kusoma nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuhesabu meli. Ukubwa wa hatari unahesabiwa kwa watu, na watu wengi wa bahari yetu wako kwenye mashua, ngalawa na boti za mbao.

Kuna kipimo kinachofahamika cha utendaji. Shirika la kimataifa la misaada ya kuongozea vyombo, IALA, lililoanzishwa mwaka 1957 na kuwa la kiserikali mwaka 2024, linazigawa taa kwa madaraja. Daraja la juu lipatikane asilimia 99.8 ya muda, la kati asilimia 99, la chini asilimia 97. Hesabu hizo zinafanana kwa aliye nchi kavu, lakini tofauti yake ni kubwa: taa ya daraja la juu huruhusiwa kuwa mbovu kwa wastani wa saa 17 na nusu kwa mwaka, ya chini karibu siku 11. Ningependa kuona Shirika la Bandari na Mamlaka ya Usafiri Baharini zikitangaza kila mwaka, kwa Kiswahili, taa ipi iliwaka kwa asilimia ngapi. Siyo kwa ajili ya kulaumiana. Mvuvi anayejua kwamba taa fulani haiaminiki atapanga safari yake kwa namna nyingine.

Habari za taa iliyozimika nazo zina njia yake, na njia hiyo inampita mvuvi. Meli kubwa hupata tangazo kwa redio na satelaiti kupitia eneo la nane la matangazo ya bahari, linaloratibiwa na India, kisha ofisa anasahihisha ramani yake. Mwenye mashua ya Mkokotoni hugundua taa imekufa siku anapoitafuta asiione. Ilhali kila diko la wavuvi lina bwana diko wake, shehia za pwani zina kamati za wavuvi, na watu hao ndio wa kwanza kuona taa haiwaki. Namba moja ya simu, iliyoandikwa kwenye kibao cha kila diko kuanzia Kizimkazi hadi Nungwi, ingefanya kazi mbili: wavuvi kuripoti, na bandari kuwarudishia habari kabla hawajatoka. Ni kazi ya wiki chache, na ingerudisha sehemu ya macho tuliyoyapoteza tulipowaondoa walinzi.

Serikali sasa inapanga bandari kubwa Mangapwani, pamoja na miundombinu ya mafuta na gesi, ili kuipunguzia mzigo Malindi na kuyaondoa mafuta karibu na makazi ya Mtoni. Njia za meli zitahama, na taa na maboya yatahama nazo. Wahandisi watapima vina vya maji kwa mitambo mizuri, na watajua mahitaji ya meli ya mita 200. Wasichokijua ni wapi mashua za dagaa za Kama na Mangapwani hutega taa zao usiku wa giza, njia gani ngalawa za Tumbatu hukatisha wakati wa kusi, na fungu lipi hujificha maji yakiwa nusu. Maarifa hayo yapo kwenye madiko, na yanafaa kukusanywa kabla boya la kwanza halijatiwa nanga, wakati kubadilisha mahali pa taa bado ni kufuta mstari kwenye karatasi.